4,294,967,297: Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu namba iliyovunja dai la Fermat

Ukurasa huu unahusu namba moja tu: ile iliyoonyesha kwamba Mfaransa Pierre de Fermat alikosea alipodhani kwamba namba zote za mstari fulani ni tasa, yaani hazigawanyiki isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe. Nimejitahidi kila hesabu iliyomo iwe ile ambayo msomaji anaweza kuirudia kwa kalamu na karatasi. Utakaposoma, usiniamini tu: ifanye.

Namba hii inasomwaje?

Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, mia tisa sitini na saba elfu, mia mbili tisini na saba. Waliozoea kuhesabu kwa laki watasema laki tisa na elfu sitini na saba hapo katikati, na si kosa. Ina tarakimu kumi, na jumla ya tarakimu zake ni 59. Ukitaka kuonja ukubwa wake, fikiria sekunde: sekunde 4,294,967,297 ni zaidi kidogo ya miaka 136.

Inatoka wapi? Mbona inaonekana kama namba iliyookotwa tu?

Haikuokotwa. Anza na 2, izidishe kwa yenyewe upate 4. Zidisha 4 kwa yenyewe upate 16. Endelea hivyo hivyo: 256, kisha 65,536, kisha 4,294,967,296. Sasa ongeza 1 kwa kila moja uliyoipata, ukianzia na ile 2 ya mwanzo:

3, 5, 17, 257, 65,537, 4,294,967,297.

Ndiyo hiyo, ya sita kwenye mstari. Kwa maandishi mafupi ni 2³² + 1, au 65,536² + 1; zilizoitangulia ni 2¹ + 1, 2² + 1, 2⁴ + 1, 2⁸ + 1 na 2¹⁶ + 1. Namba za mstari huu huitwa namba za Fermat, na kwa kuwa wanahisabati huanza kuzihesabu kwenye sifuri, yetu huandikwa F₅: F₀ ni 3, F₁ ni 5, na kadhalika.

Kwa nini vipeo ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 peke yake? Kwa nini tusiangalie 2⁶ + 1 au 2¹² + 1?

Kwa sababu hizo zinajulikana mapema kuwa si tasa. Kipeo kikiwa na kigawo cha witiri kilicho zaidi ya 1, namba inapasuka yenyewe. Chukua 2⁶ + 1. Sita ni 2 × 3, hivyo tunayo 4³ + 1, na x³ + 1 daima hugawanyika kwa x + 1. Kwa hiyo 5 lazima iwe kigawo: 65 = 5 × 13. Vivyo hivyo 2¹² + 1 ni 16³ + 1, na 17 ni kigawo: 4,097 = 17 × 241. Ukitaka 2 kwa kipeo fulani, jumlisha 1, iwe na matumaini yoyote ya kuwa tasa, kipeo hicho kisiwe na kigawo chochote cha witiri zaidi ya 1. Hapo hubaki 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na wenzake. Fermat alilijua hilo vizuri.

Fermat alidai nini hasa?

Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliyefanya hisabati kwa mapenzi na kuisambaza kwa barua. Mwaka 1640 alimwandikia Bernard Frénicle de Bessy kwamba anaamini namba zote za mstari huu ni tasa, na mwaka 1654 akalirudia jambo hilo katika barua kwa Blaise Pascal. Namba tasa, kwa anayehitaji kukumbushwa, ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Tano za kwanza kweli ni tasa: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Fermat alikiri kuwa hana uthibitisho kamili, lakini imani yake ilikuwa kubwa.

Nadhani tunapaswa kumsoma kwa haki. Katika barua hizo hakusema amethibitisha. Aliona mifano mitano ikikubali, akaona pia kwamba vigawo vidogo vinashindwa kuingia katika ule wa sita, akadhani. Tatizo ni kwamba mifano mitano, hata ikiwa mizuri namna hii, haimlazimishi wa sita kufanya chochote.

Basi je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

Hapana. Ni 641 × 6,700,417. Hivyo vyote viwili ni tasa, kwa hiyo namba yetu ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.

Fanya mgawanyo mrefu mara moja maishani mwako, maana unapendeza. 4294 kwa 641 ni 6, inabaki 448. Shusha 9: 4489 kwa 641 ni 7, inabaki 2. Shusha 6, unapata 26, andika 0. Shusha 7, unapata 267, andika 0 tena. Shusha 2: 2672 kwa 641 ni 4, inabaki 108. Shusha 9: 1089 kwa 641 ni 1, inabaki 448. Lile baki la mwanzo limerudi! Ila safari hii tarakimu ya kushusha si 9 bali ni 7, na 4487 ni 641 × 7 kamili. Haibaki kitu. Jibu limejiandika: 6,700,417. Laiti tarakimu ya mwisho ya namba yetu ingekuwa 9, tungebaki na 2.

Nani aligundua?

Mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler, mwaka 1732, akiwa na miaka 25, huko St. Petersburg, Urusi. Aliyemchokoza alikuwa mwanahisabati mwenzake, Christian Goldbach. Katika barua ya Desemba 1729 Goldbach alimuuliza kama anajua dai la Fermat kwamba namba hizi zote ni tasa. Mwanzoni Euler hakuonyesha shauku kubwa. Hatimaye alikuja na 641, miaka 67 baada ya Fermat kufariki.

Euler alijuaje kujaribu 641? Ina maana alijaribu namba tasa zote mpaka akaifikia?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa hiyo nitalijibu taratibu.

Kuna namba tasa 115 zilizo ndogo kuliko 641, nayo yenyewe ni ya 116. Kuzijaribu zote kunawezekana, ila kunachosha. Euler alipunguza kazi hiyo kwa kuuliza: kama namba tasa p inaigawa 2³² + 1, p lazima iweje?

Tazama 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila moja ikiwa mara mbili ya iliyotangulia, na kila mara andika baki tu la kugawanya kwa p. Mabaki hayo mwishowe lazima yarudie 1 na kuanza upya, kama mshale wa saa. Sasa, ikiwa p inaigawa 2³² + 1, basi baada ya hatua 32 baki ni p − 1, ambalo ni sawa na kusema −1. Baada ya hatua nyingine 32 tunazidisha −1 kwa −1, tunapata 1. Kwa hiyo mzunguko unakamilika katika hatua 64, na haukamiliki mapema, kwa sababu urefu wa mzunguko lazima uigawe 64. Kama ungekuwa 32 au chini ya hapo, tungekuwa tumekwisha kuliona 1 kwenye hatua ya 32, na badala yake tuliona −1.

Sasa inaingia kanuni nyingine, ambayo nayo ni ya Fermat: urefu wa mzunguko huo daima huigawa p − 1. Basi 64 inaigawa p − 1. Yaani p lazima iwe moja zaidi ya kigawe cha 64.

Vigawe vya 64 ukiviongezea 1 ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa (65, 129, 321, 385, 513). Zimebaki 193, 257, 449, 577 na 641. Ukigawa namba yetu kwa 193 baki ni 109. Kwa 257 baki ni 2. Kwa 449 baki ni 325. Kwa 577 baki ni 288. Kwa 641 hakuna baki. Jaribio la tano tu, na chombo kilichotumika kuliangusha dai la Fermat kilitoka mikononi mwa Fermat mwenyewe, katika mwaka ule ule wa 1640.

Kuna njia fupi zaidi ya hiyo?

Ipo. Mwaka 1878 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba 64 inaweza kubadilishwa na 128. Orodha inakuwa 129, 257, 385, 513, 641, na humo tasa ni mbili tu: 257 na 641. Halafu 257 tunaweza kuiondoa bila hata kugawanya, kwa sababu nitakayoeleza chini. Ukijua yote hayo, 641 ndiyo ya kwanza kujaribiwa.

Naweza kuona kwamba 641 ni kigawo bila kufanya mgawanyo mrefu?

Unaweza, tena kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ya mabaki. 641 × 102 = 65,382, hivyo 65,536 ukiigawa kwa 641 inabaki 154. Namba yetu ni 65,536 × 65,536 + 1. Kwa kuwa tunachotafuta ni baki peke yake, 154 inaweza kukaa mahali pa 65,536. Tunapata 154 × 154 + 1 = 23,717. Na 23,717 ni 641 × 37. Imekwisha.

Ya pili haihitaji hata kuzidisha namba kubwa. Inategemea sura mbili za 641: ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. Kwa maneno mengine, 641 = 5 × 2⁷ + 1 = 5⁴ + 2⁴. Fikiria namba mbili kubwa:

A = 5⁴ × 2²⁸ + 2³²
B = 5⁴ × 2²⁸ − 1

A ni 2²⁸ × (5⁴ + 2⁴), yaani 2²⁸ × 641, kwa hiyo inagawanyika kwa 641. B ni 640⁴ − 1, kwa kuwa 5 × 2⁷ ni 640. Namba yoyote ya sura x⁴ − 1 hugawanyika kwa x + 1, kwa hiyo B nayo inagawanyika kwa 641. Basi tofauti yao, A − B, inagawanyika kwa 641. Na A − B ni nini? Ni 2³² + 1. Mara ya kwanza nilipoiona hesabu hii nilikaa kimya kwa muda, kisha nikaiandika upya kuhakikisha hakuna kilichofichwa. Hakuna.

Na 6,700,417, tuna uhakika gani kwamba ni tasa?

Uhakika kamili, tena kwa mgawanyo mara nne tu. Kigawo chochote tasa cha 6,700,417 ni kigawo cha namba yetu pia, kwa hiyo lazima kiwe moja zaidi ya kigawe cha 128. Na kama 6,700,417 si tasa, mojawapo ya vigawo vyake tasa haizidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni kama 2,588. Namba tasa za sura hiyo zisizozidi 2,588 ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Ya kwanza tumeshaiondoa. Zilizobaki zinaacha mabaki haya kwa mpangilio: 44, 120, 334 na 622. Hakuna iliyoingia. Kwa mtu asiyejua kanuni ya 64 wala ya 128, kazi hii hii ingedai mamia ya migawanyo.

Kwa nini 257 haiwezi kuwa kigawo?

Kwa sababu namba za Fermat hazishirikiani kigawo chochote zaidi ya 1. Zidisha tano za mwanzo: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Unapata 4,294,967,295, yaani namba yetu ukitoa 2. Hii si bahati: 2³² − 1 ni (2¹⁶ + 1)(2¹⁶ − 1), na sehemu ya pili inapasuka tena vivyo hivyo, hadi mwisho kabisa. Basi ukigawa namba yetu kwa yoyote ya zile tano, baki ni 2 daima. Ndiyo 2 ile tuliyoiona kwa 257.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Namba za Fermat hazina mwisho, na kila moja lazima ije na angalau kigawo kimoja tasa ambacho hazina nyingine. Kwa hiyo namba tasa hazina mwisho. Uthibitisho mzima umetimia kwa mistari miwili.

Fermat mwenyewe angeweza kugundua kosa?

Angeweza. Kanuni yake inasema: kama N ni tasa na haiigawi 3, basi 3 kwa kipeo cha N − 1 huacha baki la 1 ikigawanywa kwa N. Hapa N − 1 ni 2³², maana yake unaanza na 3, unaizidisha kwa yenyewe, unachukua baki, unazidisha baki kwa lenyewe, na hivyo mara 32. Ni kazi ya namba zenye tarakimu kumi, inachosha, lakini si ya miaka. Baada ya mara 31 unafika 10,324,303. Mara ya 32 unafika 3,029,026,160. Haikuwa 1, kwa hiyo N si tasa.

Lakini angalia mtego uliopo. Mtu akianza na 2 badala ya 3, jibu linakuwa 1 kabisa, kama vile namba ingekuwa tasa! Sababu tumeshaiona: mabaki ya 2 yanarudi kwenye 1 kila baada ya hatua 64, na 2³² ni kigawe cha 64. Namba za Fermat zote hupita mtihani wa 2, ziwe tasa zisiwe. Mfaransa Théophile Pépin alitengeneza mwaka 1877 mtihani ulio kamili kwa ajili ya namba hizi, na mpaka leo kompyuta zinautumia.

Nimesikia kwamba namba hii ni jumla ya vipeo vya pili kwa njia mbili. Ni kweli?

Ni kweli, na kwa maoni yangu ndiyo sifa yake nzuri kupita zote.

65,536² + 1² = 4,294,967,297
62,264² + 20,449² = 4,294,967,297

Namba tasa ya witiri ikiwa jumla ya vipeo viwili vya pili, huwa hivyo kwa njia moja tu. Kwa hiyo mistari hiyo miwili peke yake inatosha kusema kwamba namba yetu si tasa, hata kabla hujajua kigawo chochote.

Tena mistari hiyo inakupa vigawo vyenyewe. Tafuta tofauti: 65,536 − 62,264 = 3,272, na 20,449 − 1 = 20,448. Kigawo kikubwa cha shirika cha hizo mbili ni 8. Tafuta jumla: 65,536 + 62,264 = 127,800, na 20,449 + 1 = 20,450. Kigawo kikubwa cha shirika ni 50. Gawa 8 na 50 kwa mbili: 4 na 25. Sasa 4² + 25² = 16 + 625 = 641. Ndiyo yule yule.

Zile njia mbili zenyewe zinatoka wapi? 641 ni 25² + 4², na 6,700,417 ni 2,556² + 409². Zidisha msalaba: 25 × 2,556 = 63,900 na 4 × 409 = 1,636. Jumla yao ni 65,536, tofauti yao ni 62,264. Kisha 25 × 409 = 10,225 na 4 × 2,556 = 10,224. Jumla yao ni 20,449, tofauti yao ni 1. Ile 1 ndogo iliyoongezwa mwishoni mwa 2³² ni hiyo tofauti kati ya 10,225 na 10,224.

Sifa nyingine ndogo ndogo?

Ni witiri. Haigawanyiki kwa 3 wala 9 (jumla ya tarakimu, 59, haigawanyiki), wala kwa 7, 11 au 13. Inaishia na 7 kama namba zote za Fermat kuanzia 17 na kuendelea, kwa sababu 16 ikizidishwa kwa yenyewe mara yoyote huishia na 6. Jumla ya vigawo vyake vyote ni 642 × 6,700,418 = 4,301,668,356. Ukiitoa namba yenyewe unabaki na 6,701,059, kiasi kidogo mno kuilinganisha nayo, hivyo ni namba pungufu. Kuanzia 1 hadi namba yenyewe, zisizo na kigawo cha shirika nayo zaidi ya 1 ni 640 × 6,700,416 = 4,288,266,240.

Kuna uhusiano gani na kompyuta?

Uhusiano wa jirani. Kompyuta huandika namba kwa 0 na 1, na nafasi ya biti 32, yaani ya tarakimu 32 za 0 na 1, inabeba thamani 4,294,967,296 tofauti, kuanzia 0 hadi 4,294,967,295. Ndiyo maana anwani za intaneti za mfumo wa zamani wa IPv4 ni 4,294,967,296 kwa jumla, pamoja na zile zilizotengwa kwa kazi maalumu. Namba yetu imevuka mpaka huo kwa hatua mbili. Kwa 0 na 1 inaandikwa 1, sifuri 31, kisha 1: tarakimu 33. Programu ikiilazimisha kwenye biti 32, ile 1 ya mbele inakatwa na kinachobaki ni 1. Kwa hiyo ukiiona programu ikikuambia 4,294,967,296 + 1 = 1, sasa unajua kilichotokea.

Na michoro ya rula na bikari, inaingiaje hapa?

Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss wa Ujerumani, akiwa hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa na pembe zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula isiyo na vipimo na bikari tu. Tangu Wagiriki wa kale hakuna aliyekuwa amelijua hilo. Kanuni nzima, ambayo Pierre Wantzel aliikamilisha kwa uthibitisho mwaka 1837, ni hii: umbo la namna hiyo lenye idadi ya pande ya witiri linachorwa ikiwa tu idadi hiyo ni namba tasa ya Fermat, au zao la namba tasa za Fermat zilizo tofauti.

Namba tasa za Fermat zinazojulikana ni tano, na zinatoa mazao 31. Dogo ni 3, na kubwa ni 4,294,967,295. Basi umbo la pande 4,294,967,295 linachorwa, angalau kwa nadharia. La pande 4,294,967,296 nalo linachorwa, kwa kukata pembe nusu kwa nusu. La pande 4,294,967,297 halichoreki kamwe. Hapo ndipo kosa la Fermat linapogusa karatasi.

Kuna picha nyingine ya jambo hili. Andika pembetatu ya Pascal (kila mstari huanza na kuishia na 1, na kila namba ya katikati ni jumla ya mbili zilizo juu yake), kisha weka 1 mahali pa kila witiri na 0 mahali pa kila shufwa. Soma kila mstari kama namba ya kompyuta: 1, 3, 5, 15, 17, 51, 85, 255, 257… Mistari 32 ya mwanzo, ukiacha ule wa kwanza wenye 1, inakupa zile namba 31 zote kwa mpangilio, bila kuruka hata moja. Mstari wa 33 ni 1, sifuri 31, na 1. Namba yetu, mahali pale pale mfululizo unapokatika.

Ni kweli kuna mtoto aliyeipasua kichwani?

Anayetajwa ni Zerah Colburn, Mmarekani aliyezaliwa 1804 na kuzungushwa na baba yake kuonyesha kipaji chake cha hesabu. Akiwa London, bado mtoto wa miaka minane hivi, aliulizwa kuhusu 4,294,967,297 na akajibu kwamba inagawanyika kwa 641.

Namba za Fermat zinazofuata je, kuna nyingine tasa?

Hakuna iliyopatikana. F₆, yaani 18,446,744,073,709,551,617, ni 274,177 × 67,280,421,310,721. Fortuné Landry alichapisha vigawo hivyo mwaka 1880, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. F₇ ilipasuliwa 1970, F₈ mwaka 1980, F₉ mwaka 1990 kwa msaada wa mamia ya kompyuta, F₁₀ mwaka 1995. F₁₁ iliwahi kabla ya F₉, mwaka 1988, kwa kuwa vinne kati ya vigawo vyake tasa vitano ni vidogo kwa kulinganisha. F₁₂ haijapasuliwa yote mpaka sasa. F₂₀ na F₂₄ zinajulikana wazi kuwa si tasa, lakini hakuna anayejua hata kigawo chake kimoja: mtihani wa Pépin unasema vipo, hausemi ni vipi.

Kuanzia F₅ hadi F₃₂ zote si tasa. Wengi wanaojihusisha na hesabu hizi wanaamini kwamba zile tano za Fermat ndizo pekee, lakini hakuna aliyethibitisha. Namba ndogo kuliko zote katika mstari huu ambayo bado haijulikani kama ni tasa au la ni F₃₃, yenye tarakimu zaidi ya bilioni mbili na nusu. Kigawo chake cha kwanza, kama kipo, lazima kiwe moja zaidi ya kigawe cha 2³⁵.